Kulivika Tunda Nguo: Habari za Nta, Gundi na Maembe ya Embu

Katika mwezi wa Januari, mtu ateremkaye kutoka Runyenjes kwenda nchi ya chini huyaona maembe kabla hajamwona mwenye maembe. Yamerundikwa chini ya miti, yamejazwa katika magunia, yamepangwa juu ya ndoo kando ya barabara, na mengine yamelala majanini yakinuka, nyuki na nzi wakiyagombania. Mgeni huenda akasema, "Tazameni neema ya watu hawa!" Lakini mwenyeji hafurahi sana moyoni, kwa kuwa ajua neema hiyo ina siku chache za kuhesabiwa, nazo zikipita hakuna neema tena bali uvundo.

Nilisimama siku moja mahali kama hapo nikamwamkia mama mmoja, mtu mzima, aliyeketi na magunia yake matatu akingoja lori. Nikamwuliza, "Mama, maembe leo wauza bei gani?" Akanijibu, "Mwanangu, si mimi niuzaye. Auzaye ni jua." Sikumfahamu mara moja. Akanieleza kwamba mnunuzi amekuja asubuhi, akataja bei yake, naye akaikataa. Mnunuzi hakugombana naye. Alicheka tu, akasema atarudi jioni. "Anajua," akasema mama yule, "ya kwamba jioni nitakuwa nimechoka na haya yatakuwa yamelainika. Kesho atanipa nusu ya bei ya leo, na keshokutwa nitamwomba ayachukue nisije nikayafukia mwenyewe."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Wazee wetu wa Meru na Embu, ambao walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza katika Kenya kuruhusiwa kupanda kahawa katika miaka ya 1930, walilima zao liwezalo kungoja. Buni ikioshwa na kukaushwa vema hukaa ghalani miezi mingi, na mwenye nayo aweza kulala usingizi. Lakini mpango wa mataifa wa kugawana soko la kahawa ulipovunjika mwaka 1989 bei ilianguka, na watu wengi wa Imenti na sehemu za juu za Embu wakaigeukia migomba. Huko chini, Mbeere na Tharaka, miembe iliyopandikizwa ya aina ya Apple, Kent, Tommy Atkins na Ngowe ikawa ndiyo benki ya mkulima. Ndizi na embe huleta fedha nzuri, hilo sikatai. Walakini ni mazao yasiyo na subira, na mwuzaji asiyeweza kungoja hana bei yake mwenyewe. Hukadiriwa kwamba katika Kenya kama sehemu nne katika kumi za maembe yavunwayo hupotea kabla hayajafika kinywani mwa mtu. Hasara hiyo humwangukia mwenye shamba kwanza.

Je, yawezekana kulipa tunda siku za kungoja? Yawezekana, na njia mojawapo ni ya zamani kuliko mashine zote za baridi. Nayo ni kulivika tunda nguo nyembamba, itokanayo na nta, gundi au mafuta ya mimea, ambayo macho hayaioni na ulimi hauionji. Lakini nguo hiyo ina masharti yake, na asiyeyajua ataharibu zaidi ya jua, kama nilivyoharibu mimi. Hayo nitayasimulia mbele.

Watu wengi hudhani kwamba tunda likichumwa limekufa, kama kuni zilizokatwa. Sivyo. Tunda huendelea kuishi na kupumua. Huvuta oksijeni katika hewa, huunguza sukari na asidi zilizomo ndani yake, na kutoa kabonidioksidi, maji na joto. Mtu akitia mkono katikati ya gunia la maembe lililokaa usiku kucha ataona joto hilo mwenyewe. Kisha kuna matunda ambayo, yakifikia wakati wake, huanza kupumua kwa nguvu sana kama mtu apandaye mlima, na wakati huo huo hutoa gesi iitwayo ethilini, ambayo ndiyo iyaamuruyo kuiva. Embe ni mojawapo, na ndizi, parachichi, papai na karakara ni ndugu zake katika jambo hilo. Ndiyo sababu ndizi moja iliyoiva ikitiwa katika kapu huziivisha jirani zake zote, jambo ambalo mama zetu walilijua bila kusoma kitabu. Machungwa, malimau na mananasi hayana tabia hiyo. Yakichumwa machanga hubaki vivyo hivyo mpaka yanyauke.

Tena tunda hupoteza maji. Sehemu nane katika kumi za embe ni maji, na maji hayo hutafuta njia ya kutoka usiku na mchana. Likipoteza kadiri ya sehemu tano katika mia za uzito wake, ngozi huanza kufanya makunyanzi na mnunuzi hulirudisha mezani. Mwenyezi Mungu amelipa tunda ulinzi wake, maana juu ya ngozi ya embe kuna utando mwembamba wa nta, ule unaoonekana kama vumbi jeupe tukilifuta kwa kidole. Lakini sisi twaliosha, twalisugua, twalitupa katika gunia pamoja na wenzake mia, na utando huo hutoka. Kwa hiyo mwenye kulipaka tunda nta hafanyi jambo la ajabu, bali hurudisha ulinzi uliopotea na kuuongeza kidogo. Utando huo huyazuia maji yasitoke upesi, hupunguza oksijeni iingiayo, na huiacha kabonidioksidi ijikusanye kidogo ndani. Tunda huanza kupumua polepole, kama mtu aliyelala, na kuiva kwake hukawia.

Sisi watu wa Meru hatuna haki ya kushangaa habari hii. Tazama miraa ya Nyambene. Huvunwa alfajiri, hufungwa, huzungushiwa majani mabichi ya mgomba, nayo magari hukimbia nayo kama yanafukuzwa, kwa sababu nguvu yake hupungua sana ikipita siku mbili hivi. Jani lile la mgomba si mapambo. Huzuia jua na upepo, na kushika unyevu ndani. Sisemi neno juu ya miraa yenyewe, kwa kuwa hayo yana mahali pake. Nasema tu kwamba wafanya biashara wa Maua walifahamu zamani ya kuwa kitu kibichi kikivikwa vema hufika mbali. Ila jani huvikwa kifurushi kizima, nasi twataka kulivika kila tunda peke yake.

Husimuliwa kwamba Wachina walipaka machungwa na malimau nta katika karne ya 12 na ya 13, ili yafike salama kutoka kusini kwenda kwa wakubwa wa kaskazini. Hawakujua habari za oksijeni, lakini waliona kwamba matunda hayanyauki. Waliona vile vile kwamba mengine huharibika kwa kukosa hewa. Baadaye sana wenye mashamba makubwa ya Marekani walianza kuyapaka machungwa yao nta kwa mashine. Tangu hapo kazi hiyo imeenea duniani, na tofaa linalong'aa katika duka la Nairobi, lililotoka Afrika Kusini au Ulaya, aghalabu limevikwa.

Vitu vitumiwavyo ni vingi, na vingi vyao vyatoka kwa wanyama, wadudu na mimea. Kuna nta ya nyuki, ambayo kila mtu aijua. Kuna nta ya karnauba, ikwanguliwayo katika majani ya mti wa Brazili ulio wa jamii ya mnazi. Kuna shelaki, utomvu utolewao na kidudu kidogo cha India na Thailand, ambao mafundi seremala huutumia kung'arisha meza. Kuna gundi ya mgunga, ile ambayo wafanya biashara huiita gundi ya Arabuni. Kuna ute wa shubiri, kuna wanga wa muhogo, na kuna kitosani, itengenezwayo kwa magamba ya kamba na kaa wa baharini. Msomaji akiona katika karatasi ya bidhaa za Ulaya alama E901, ajue hiyo ni nta ya nyuki. E903 ni karnauba, E904 ni shelaki, na E414 ni gundi ya mgunga. Zimekubaliwa kutumika katika chakula. Nta ya mishumaa ya dukani si mojawapo, wala vanishi ya seremala ijapokuwa imetokana na shelaki, kwa maana imechanganywa na vitu vingine visivyofaa tumbo la mtu.

Sasa tuje kwetu. Huko Karurumo, katika Kaunti ya Embu, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakiongozwa na Profesa Jane Ambuko walishirikiana na wakulima wadogo, kwa msaada wa Rockefeller Foundation, kuweka mahali pa kukusanyia maembe, kuyapoza na kuyasindika, ili mkulima asiwe lazima auze siku ile ile. Na mwaka 2019 wataalamu wa chuo hicho, pamoja na mwenzao wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, walitangaza habari za majaribio yao juu ya embe la Ngowe. Waliyachuma maembe yaliyokomaa lakini mabichi, wakayavika mengine shelaki na mengine nta nyingine ya kiwandani, na mengine wakayaacha uchi. Kisha waliyaweka mahali mbalimbali: katika hewa ya kawaida, katika kibanda cha makaa, na katika chumba cha baridi. Yale yaliyovikwa yalipoteza maji polepole na kukawia kuiva kuliko yale yaliyo uchi. Lakini jambo lililo kubwa zaidi ni kwamba nta na baridi vilipokutana, faida iliongezeka. Nta peke yake juani ni kama mtu mwenye koti zuri aliyelala mvuani.

Yafaa nieleze kibanda cha makaa, maana si kila mtu amekiona, na gharama yake si ya kutisha. Ni nyumba ndogo ambayo kuta zake zimefanywa kwa nyavu mbili za chuma, na katikati ya nyavu hizo yamejazwa makaa. Maji hudondoshwa juu yake yakayalowesha makaa. Upepo ukipita katika makaa yale hugeuza maji kuwa mvuke, na mvuke huo huondoka na joto la ndani, kama vile mtungi wa udongo upoozavyo maji ya kunywa. Hakuna umeme hata kidogo. Tena kibanda hiki hufanya kazi vema mahali penye hewa kavu, yaani Tharaka na Mbeere, hapo hapo penye maembe; huko juu karibu na msitu, penye ukungu, nguvu yake hupungua. Chumba cha baridi cha umeme hupoza zaidi, lakini nacho kina hatari yake. Ndizi haziwezi kustahimili chini ya nyuzi 13 za sentigredi au karibu na hapo, na embe bichi ni vivyo hivyo. Likitiwa katika baridi kali hugeuka rangi ya kijivu na kukosa ladha. Asiyejua huzitia ndizi katika friji ya nyumbani akadhani amezihifadhi, kumbe amezichoma kwa baridi.

Sasa nikiri kosa langu. Niliposoma habari hizi mara ya kwanza niliona jambo ni jepesi. Nilinunua nta safi kwa mwuza asali aliyetoka Tharaka, nikaiyeyusha katika sufuria, nikayachovya maembe sita, moja moja, kwa kulishika kikonyo. Yakang'aa kama viatu vya askari siku ya gwaride. Mke wangu aliuliza kama sufuria ile itatumika tena kwa maziwa, nami sikumjibu. Siku ya tisa maembe yangu yalikuwa bado yamekazana na ya kijani, hali yale mengine ya mti ule ule yalikuwa yamekwisha kuliwa au kutupwa. Nikajisifu mbele ya majirani. Ndipo nikalikata moja mbele yao. Upande mmoja wa ngozi ulikuwa umeungua kwa joto la nta. Ndani, karibu na kokwa, nyama ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, na harufu iliyotoka ilikuwa harufu ya pombe. Baba yangu, ambaye ameacha kunywa tangu alipobatizwa, alinusa kidogo akasema, "Embe hili limelewa."

Alisema kweli kuliko alivyodhani. Nguo niliyolivika ilikuwa nene mno. Oksijeni ilikwisha kabisa ndani, na tunda, kama vile uji wa mtama uliofunikwa mtungini, likaanza kuchachuka na kutengeneza pombe ndani yake. Kwa hiyo kazi yote iko katika wembamba. Viwandani nta haipakwi ikiwa moto. Kwanza huchanganywa na maji kwa ufundi mpaka ikawa kama maziwa mepesi. Maziwa hayo hunyunyiziwa au kupakwa kwa brashi laini juu ya tunda safi lililokauka, kisha upepo wa feni huyakausha. Utando unaobaki ni mwembamba kuliko unywele. Mtu wa nyumbani hana vyombo hivyo, na kwa sababu hii simshauri yeyote afanye nilivyofanya.

Gundi ya mgunga ni rafiki zaidi kwa mtu asiye na mashine, kwa kuwa huyeyuka katika maji bila hila yoyote. Mti wake hutoa matone ya gundi ukichanjwa au ukijipasua wakati wa ukame, na wachungaji wa Isiolo, Samburu, Marsabit na Turkana huyaokota. Sudan ndiyo iuzayo nyingi kupita nchi zote, lakini hata sisi hatuna haja ya kuivuka bahari, maana ukisimama juu ya milima ya Nyambene waziona nyika za Isiolo kwa macho yako. Wataalamu wa Malaysia walifanya majaribio mazuri juu ya gundi hii. Mwaka 2010 waliandika habari za nyanya: walipoyeyusha sehemu 10 za gundi katika mia, nyanya zilikaa hata siku 20 katika joto la nyuzi 20 bila kuharibika ladha. Walipozidisha, wakatia sehemu 15 na 20, nyanya hazikuiva sawasawa. Hapo nilikumbuka maembe yangu sita. Mwaka 2011 waliandika habari za ndizi. Waliichanganya gundi ile, sehemu 10 katika mia, na sehemu moja ya kitosani, wakaziweka ndizi katika nyuzi 13 kwa siku 28, kisha siku 5 katika joto la dukani. Ndizi zilidumu vizuri, na ule ugonjwa wa madoa meusi, uitwao anthraknosi na wataalamu, ulipungua. Lakini msomaji aangalie asije akasikia siku 28 akasahau nyuzi 13.

Mtu apendaye kujaribu nyumbani kwa matunda machache aweza kuyeyusha gramu 100 za gundi safi katika maji ya vuguvugu, akayajaza mpaka yatimie lita moja, akayachuja kwa kitambaa kuondoa magome na mchanga, na kuyaacha yapoe. Tunda lioshwe kwanza kwa maji safi na kukaushwa, lichovywe kwa muda mfupi, kisha liachwe kivulini juu ya wavu mpaka likauke pande zote. Na afanye kama wafanyavyo wataalamu, yaani aache mengine ya mti ule ule bila kuyavika, ili apate kulinganisha. Mtu asiyelinganisha hujidanganya kwa furaha. Nimefanya hivyo kwa ndizi za bustani yangu, na sufuria ya maziwa haikuguswa. Tofauti ilionekana, ijapokuwa si ya miujiza.

Shubiri nayo yasifiwa sana siku hizi, na ute wake ulijaribiwa Hispania juu ya zabibu ukafaa. Lakini ule utomvu wa manjano ulio karibu na ganda ni mchungu na hupasa kutengwa kabisa na ute, na shubiri za mwituni zinalindwa na sheria. Si vema mtu kung'oa nyika nzima kwa ajili ya kapu la ndizi.

Hapana budi pia niseme yale ambayo nguo hii haiwezi kuyafanya, maana hapo ndipo wengi watakapopoteza fedha zao. Haiponyi mchubuko. Embe lililoangushwa kutoka juu ya mti limekwisha kuhukumiwa, hata likivikwa nta ya mfalme. Yafaa lichumwe kwa mfuko wenye mti mrefu, au kwa mkono, likatwe pamoja na kikonyo kidogo, kisha lielekezwe chini mpaka utomvu ule mkali utoke wote bila kugusa ngozi, kwa kuwa utomvu huo huichoma na kuacha michirizi myeusi. Wala nta haiui ugonjwa uliokwisha kuingia. Anthraknosi hulishika embe likiwa bado changa mtini, hujificha kimya katika ngozi, na kuamka tunda linapoiva. Dawa yake huanzia shambani, kwa kupogoa miti na kuondoa takataka. Na baada ya kuchuma, kwa kuyatia maembe katika maji ya moto wa nyuzi 52 kwa muda wa dakika 5 hivi, kabla ya nta. Kipimo hicho kinataka kipimajoto, si kidole.

Wala haimzuii nzi wa matunda. Nzi yule mgeni kutoka Asia alionekana mara ya kwanza katika Kenya mwaka 2003, na kwa ajili yake nchi yetu yenyewe ilisimamisha mwaka 2014 kupeleka maembe Ulaya, mpaka mwaka 2021 ilipoanza tena. Funza akiwa ndani, nguo nzuri itakuwa imemvika funza.

Kuna watu pia ambao huchanganya habari hii na ile ya kabaidi. Ni mambo mawili yanayopingana. Kabaidi ni kitu ambacho wauzaji wasio na huruma hukitumia kuyalazimisha maembe na ndizi changa zigeuke rangi upesi. Hutoa gesi ifananayo na ethilini, na mara nyingi huwa na chembe za aseniki na fosforasi, ambazo ni sumu. Nta na gundi hukawiza, kabaidi huharakisha. Mnunuzi aulizapo, "Mmeyatia dawa?" ana haki ya kujibiwa sawasawa ni kitu gani na cha kazi gani.

Maarifa haya yanakwenda mbele kila mwaka. Mwaka 2012 kule California kulianzishwa kampuni iitwayo Apeel Sciences, ikasaidiwa mwanzoni na fedha za wakfu wa Bill na Melinda Gates, na mawazo yake ya kwanza yalikuwa juu ya muhogo wa Afrika, ambao huharibika siku chache baada ya kung'olewa. Ilitengeneza unga utokanao na mafuta ya mimea, ambao ukiyeyushwa katika maji hulivika tunda. Na mwaka 2018 maparachichi yaliyovikwa hivyo yalianza kuuzwa katika maduka ya Marekani. Wataalamu wa Guelph, Kanada, nao walileta heksanali, kitu ambacho mimea yenyewe hukitengeneza, na ambacho huzuia kuta ndogo za ndani ya tunda zisibomoke mapema. Kati ya mwaka 2014 na 2018 majaribio yake yalifanywa hata Kenya na Tanzania. Hiyo si nguo hasa, bali ni kama dawa ya kuoga.

Jambo linalonitia wasiwasi si ufundi, bali ni mkono utakaoushika. Ikiwa nta itapakwa Nairobi, katika ghala la mnunuzi mkubwa, siku zile zilizoongezwa zitakuwa mali yake. Atanunua embe la mama yule kwa bei ile ile ya jioni, kisha yeye ndiye atakayengoja bei ipande. Mkulima hatapata hata saa moja. Lakini ikiwa kazi itafanyika mahali pa kukusanyia kama kule Karurumo, au katika vyama vya wakulima wa ndizi vya Imenti Kusini, kwa makreti badala ya magunia na kwa mizani badala ya kukadiria mkungu kwa macho, basi siku hizo zitakuwa za mwenye shamba. Mtu mmoja mmoja hawezi kununua feni na brashi. Watu hamsini waliojiandikisha wanaweza.

Majuzi nilipita tena mahali pale, nikamkuta mama yule na magunia yake. Nilimwambia habari za nta na za gundi, na za maembe yangu yaliyolewa, akacheka hata akafuta machozi kwa leso. Kisha akauliza kama mtu afanyaye hesabu, "Na hiyo gundi yaweza kunipa siku ngapi, mwanangu?"

Nikamjibu kwamba sitaki kumdanganya. Kivulini labda chache tu, na katika kibanda cha makaa zaidi ya hizo.

"Siku nne zanitosha," akasema. "Mnunuzi wa pili, yule wa kutoka Thika, hupita siku ya tano."

Akahesabu tena kwa vidole, akakunja kidole cha mwisho, akatazama barabarani. Vumbi la lori lilikuwa limekwisha kuonekana upande wa chini, na lilikuwa la yule wa kwanza.